Kilima cha Fuko

Katika lugha ya Kiingereza liko neno moja dogo, nalo ni "molehill." Wanafunzi wengi hukutana nalo mara ya kwanza si katika habari za wanyama, wala si katika habari za kilimo, ila katika msemo usemao kwamba mtu fulani amefanya mlima kwa "molehill." Mwalimu akiuliza maana yake, mikono mingi huinuliwa, na jibu hupatikana upesi: maana yake ni kulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Jibu hilo si la uongo. Walakini ni jibu la mtu aliyeonja mchuzi asiile nyama. Neno hili hutumiwa kila siku, tena mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha mtu mwenye haki ya kusema. Kwa hiyo yafaa lichunguzwe vizuri: kitu hicho ni kitu gani, nani awezaye kulitumia jina lake kwa haki, na wakati gani.

Neno lenyewe limeungwa kwa maneno mawili. La pili, "hill," ni kilima. La kwanza, "mole," ndilo litiwalo mashaka, kwa kuwa lina maana zaidi ya moja. Ni jina la mnyama. Ni jina la baka dogo jeusi katika ngozi ya mtu. Na siku hizi ni jina la mpelelezi pia, yule ajifichaye miaka mingi katikati ya adui zake, akifanya kazi chini kwa chini. Mwanafunzi afunguaye kamusi kwa haraka aweza kuandika "kilima cha baka," na darasa zima likacheka. Lakini kosa lililo la kawaida si hilo. Kosa la kawaida ni kuandika "kichuguu."

Kichuguu ni kitu kingine kabisa. Hujengwa na mchwa, nao ni maelfu kwa maelfu. Huwa kigumu hata jembe hulia likikipiga, chaweza kupita kimo cha mtu, na chaweza kudumu miaka mingi hata miti ikaota juu yake. Mchungaji hupanda juu ya kichuguu apate kuwaona ng'ombe wake walio mbali. Hakuna mchungaji awezaye kupanda juu ya "molehill" akaona zaidi ya alivyoona aliposimama chini. Hilo ni fungu tu la udongo mwepesi, ambalo kimo chake kwa kawaida ni kadiri ya shubiri moja. Mvua ikinyesha hulainika na kutandazika. Mtoto akipita hulisambaza kwa teke moja. Basi mwanafunzi aandikaye "kichuguu" amekwisha kufanya jambo lile lile ambalo msemo walikataza: amekikuza kitu kabla hajaanza kusema.

Tafsiri iliyo sawa ni "kilima cha fuko." Na mtu atakaye kujua ukubwa wa kilima hicho hana budi kumjua kwanza aliyekifanya.

Fuko wa Uingereza ni mnyama mdogo; urefu wa mwili wake ni kadiri ya inchi 5 au 6, na uzito wake ni kadiri ya gramu 100. Manyoya yake ni meusi, mafupi, laini kama mahameli, nayo hulala upande wowote, mbele au nyuma, hata mnyama huyo aweza kurudi kinyumenyume katika njia yake nyembamba pasipo kukwama. Macho yake ni madogo mno, tena yamefunikwa na manyoya. Watu husema ni kipofu, lakini hutambua mwanga na giza. Miguu yake ya mbele ni mipana, ina kucha zenye nguvu, nayo imegeuka nje kama makoleo mawili. Zamani Waingereza walimwita kwa jina lenye maana ya "mrusha udongo," na hakuna jina lililomfaa zaidi kuliko hilo.

Chakula chake hasa ni nyungunyungu, na kila siku hula chakula kinachokaribia nusu ya uzito wake. Ili apate chakula hicho huchimba njia chini ya ardhi, kisha huzipita tena na tena, akiwaokota nyungunyungu walioangukia humo. Katika udongo ulio laini aweza kuchimba njia mpya hata mita 20 kwa siku moja. Udongo anaouchimba hauna mahali pa kukaa kule chini, basi huusukuma juu kwa mguu wake wa mbele, kidogo kidogo, mpaka utokeze katikati ya majani. Hilo ndilo fungu lionekanalo juu. Kwa hiyo kilima cha fuko si nyumba yake, wala si mnara wake. Ni takataka za kazi yake. Kazi yenyewe iko chini, haionekani.

Asubuhi mkulima wa Uingereza hutoka akaona mafungu mapya kumi au ishirini yamejipanga juu ya malisho yake mabichi. Hudhani jeshi zima limeingia shambani usiku. Kumbe fuko hukaa peke yake, na yamkini mafungu yote yale ni kazi ya mnyama mmoja tu, anayetosha katika kiganja cha mtu. Hasara aletayo si kubwa sana. Majani hufunikwa, mawe yaliyoletwa juu huharibu makali ya mashine ya kukatia majani, na udongo huchafua majani yaliyowekwa akiba kwa ajili ya mifugo. Lakini faida ipo pia, kwa maana ardhi hupata hewa na maji hupenya vizuri. Na watunza bustani huuzoa udongo ule laini wakajaza vyungu vya maua. Kwa watu wa nchi ile, basi, kilima cha fuko ni mfano wa kitu kidogo kiudhicho macho kuliko kidhuruvyo mali.

Hapo ndipo msemo ulipotoka. Umeandikwa katika vitabu vya Kiingereza tangu mwaka 1548, wakati Nicholas Udall alipouweka kando ya msemo wa kale zaidi, uliotoka kwa Wayunani, wa kumfanya nzi kuwa tembo. Wayunani walimtazama nzi, Waingereza wakautazama udongo wa malisho yao; kila taifa lilichagua kipimo lilichokiona mlangoni pake. Lakini msemo ukiisha kuzaliwa hauulizi njia. Kule Ireland hakuna fuko hata mmoja, na hata hivyo watu wa kisiwa hicho wasemapo Kiingereza huutumia pia. Mtu aweza kusema maisha yake yote juu ya kilima cha fuko asikione hata siku moja, na hapo ndipo hatari ya maneno ilipo.

Kiswahili nacho kina njia zake za kueleza jambo hili. Husemwa kwamba mtu ametia chumvi, au amepiga chuku. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayalingani sawasawa na msemo wa Kiingereza. Atiaye chumvi ajua kwamba anatia. Huongeza kwa ulimi ili wasikilizaji wafurahi au washangae. Afanyaye mlima kwa kilima cha fuko huenda hasemi uongo hata kidogo. Moyo wake umepima vibaya, naye husadiki kipimo chake mwenyewe. Wa kwanza ana kosa la kinywa, wa pili ana kosa la macho. Tena lugha ya Kiswahili yenyewe yaonyesha jinsi kosa hilo lilivyo rahisi: kati ya "kilima" na "mlima" ni silabi moja tu ya mwanzo. Aondoaye "ki" akaweka "m" amekwisha kuinua nchi kwa pumzi moja.

Basi, ni nani anayestahili kuambiwa msemo huu? Mfano wa kwanza ni wa vijana wawili wa darasa moja. Mmoja alimwazima mwenziwe kalamu ya risasi, nayo ikarudi imevunjika ncha. Ncha ya kalamu huchongwa kwa muda mfupi kuliko muda wa kuhesabu hamsini. Lakini mwenye kalamu hakuichonga. Alisema amedharauliwa. Jioni aliwaambia ndugu zake kwamba kijana yule ana chuki na ukoo wao. Siku ya pili vijana hao wakapigana njiani. Na siku ya tatu mama zao hawakuamkiana kisimani. Huo ndio mlima uliotokana na kilima cha fuko, na kama mtu mzima mmoja angalisema neno hili siku ya kwanza, angalifanya kazi ya mpatanishi. Aonavyo mtu makosa ya mwenziwe ndivyo yanavyokua. Bwana Yesu alipofundisha habari za mtu akionaye kibanzi katika jicho la ndugu yake, na asiione boriti iliyo katika jicho lake mwenyewe, alikuwa akiwaonya watu wenye macho ya namna hiyo.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine, na kwa ajili yake msemo huu wapaswa kuchukuliwa kwa uangalifu. Msichana mmoja alichomwa na mwiba katika wayo wa mguu alipokwenda kuteka maji. Usiku alisema kwamba anaumwa. Wenzake wa bwenini, waliokuwa wamejifunza msemo wa kilima cha fuko juma lile lile, walimcheka, wakamwambia asifanye mlima. Akaona haya, akanyamaza. Siku ya pili alisimama kwa mguu mmoja wakati wa sala, asiseme neno. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, na homa ilimfanya asitambue alipo. Akachukuliwa hospitali kwa machela. Daktari alimtoa mwiba usiozidi urefu wa ukucha, akauliza kwa nini hakuletwa siku ya kwanza. Hakuna aliyemjibu. Msichana yule akapona, lakini alikaa hospitali majuma mengi, na mtihani wa mwaka ule ulimpita. Wazee hawakukosea waliposema kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wale wasichana hawakuwa wakatili. Walijua msemo, hawakujua kipimo. Mwiba ulikuwa mdogo kweli; katika hilo hawakukosea. Walikosea katika kudhani kwamba ukubwa wa jambo umo ndani ya jambo lenyewe peke yake. Sivyo. Ukubwa wa jambo umo pia mahali lilipo, na katika mtu limpataye.

Neno hili laonekana wazi katika fuko mwenyewe. Fuko wa nchi za Afrika ya Mashariki si ndugu wa fuko wa Uingereza, ijapokuwa wote wawili huishi chini ya ardhi na kurundika udongo juu. Huyu ni wa jamii ya panya. Huchimba kwa meno yake marefu ya mbele, wala hatafuti nyungunyungu, ila mizizi. Hula viazi, hula mihogo, na hujiwekea akiba kama bahili. Mama akiona mafungu matatu mapya ya udongo katikati ya matuta ya viazi, akapiga kelele na kuwaita watoto waje na majembe, je, amefanya mlima kwa kilima cha fuko? La. Amesoma sawasawa maandiko ya ardhi. Fungu lionekanalo juu ni dogo, lakini chini yake chakula cha miezi kinatoweka, na majani ya viazi yangali mabichi juu. Kilima kile kile ambacho katika malisho ya Uingereza ni udhia, katika shamba la viazi ni njaa. Kwa hiyo mithali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta haigombani na msemo wa Kiingereza, kama wengine wadhanivyo. Ufa ulio katika ukuta wa nyumba si sawa na ufa ulio katika tope la njia. Kila mmoja una mahali pake.

Hata Waingereza wenyewe walipata fundisho hilo, nalo lilimpata mtu mkubwa kuliko wote katika nchi yao. Mwezi wa Februari mwaka 1702 Mfalme William wa Tatu alikuwa amempanda farasi wake aitwaye Sorrel, karibu na jumba lake la Hampton Court. Farasi akajikwaa, mfalme akaanguka, akavunjika mtulinga. Tarehe 8 Machi mwaka ule ule akafariki, naye alikuwa na umri wa miaka 51. Yasimuliwa kwamba farasi alijikwaa katika kilima cha fuko. Adui zake, waliotaka ukoo wa Mfalme James wa Pili urudishwe katika enzi, walifurahi sana. Tangu siku hizo, walipokutana kunywa, walikuwa wakiinua vikombe vyao kumsifu "bwana mdogo mwenye vazi la mahameli nyeusi," yaani fuko.

Mtu asomaye habari hiyo kwa haraka atasema: tazama, kilima cha fuko kimemwua mfalme, basi hakuna kilima kilicho kidogo. Lakini naye atakuwa amepima nusu. Mfalme William alikuwa dhaifu siku nyingi kabla ya kuanguka. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na baada ya kuanguka mapafu yake yalishikwa na homa iliyommaliza. Wale adui zake walimpa fuko sifa isiyokuwa yake yote. Wao pia walifanya mlima. Ukweli umesimama katikati. Kilima kilikuwa kidogo, na maelfu ya vilima kama hicho vilikuwa vimekanyagwa na farasi pasipo mtu kuumia. Lakini kile kimoja kilikuwa mbele ya kwato za farasi aliyembeba mgonjwa. Asemaye kilikuwa kidogo amesema kweli. Asemaye hakikudhuru amesema uongo.

Kuna kosa la tatu, nalo halina msemo maarufu kama huo, lakini madhara yake si haba. Ni kuufanya mlima kuwa kilima cha fuko. Mwezi wa Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa katika safari ya kwenda nchi ya Wachaga. Akauona mlima mkubwa, na juu ya kilele chake weupe ulio kama wingu. Akatambua kwamba ni theluji. Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko London alikuwako mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekuwa amesoma vitabu vingi juu ya Afrika asiikanyage hata mara moja. Cooley alikataa kabisa. Aliandika kwamba theluji ile haikuwako, ila katika mawazo ya Rebmann, na watu wengi wakamsadiki Cooley kwa sababu ya elimu yake. Mwaka 1861, na tena mwaka 1862, Baron Karl Klaus von der Decken alifika katika mlima ule pamoja na watu wa vipimo, na theluji ikathibitishwa. Wachaga hawakuhitaji kuthibitishiwa; waliuamkia mlima wao kila asubuhi.

Mlima huo ni Kilimanjaro, ulio mrefu kuliko milima yote ya Afrika, wenye kimo cha mita 5,895. Na jina lake laanza na neno "kilima." Mwenye kusikia jina tu, asione mwenyewe, aweza kudhani ni kidogo. Jina halipimi kitu. Macho hupima, na miguu iliyofika mahali.

Huenda mtu akapinga, akasema: kama kila fungu la udongo lazima lipimwe, kazi za ulimwengu zitasimama. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini hawezi kusikiliza hamsini wote kila mara mmoja akilia kwamba mwenziwe amemkanyaga. Pingamizi hilo lina haki, wala halifai kudharauliwa. Wako watoto, na watu wazima pia, ambao kilio chao hakina mwisho, na huruma ikitumiwa ovyo huisha kama maji ya mtungi uliotoboka. Lakini kukipima kitu kidogo ni kazi ndogo. Kuutazama wayo wa mguu wa msichana yule kungalihitaji taa na dakika moja. Kumpeleka hospitali kulihitaji watu wanne na siku nzima. Asemaye hana nafasi ya kutazama kilima atalazimishwa kuitafuta nafasi ya kuupanda mlima.

Tena yafaa kuangalia ni nani atumiaye msemo huu, na kwa nani. Mara nyingi hutoka kwa mwenye nguvu ukaenda kwa mnyonge. Mkubwa humwambia mdogo, mzima humwambia mgonjwa, tajiri humwambia mwenye deni. Ni mara chache kusikiwa mtu akijiambia mwenyewe. Na hapo pana ajabu, kwa maana msemo huu ni dawa ambayo yafaa kunywewa kabla ya kumnywesha mwingine. Kijana wa kalamu ya risasi angalijiambia maneno haya moyoni, angaliokoa urafiki. Aumiaye akiambiwa na mtu asiyekuja kutazama, hapewi dawa, bali hufungwa kinywa.

Basi kanuni iliyo ya haki ni fupi. Jambo likimhusu mtu mwenyewe, na hasa likiwa ni fahari yake iliyoguswa, na aanze kwa kudhani kwamba ni kilima cha fuko, mpaka ionekane vingine. Jambo likimhusu mwenziwe, na hasa likiwa ni maumivu, na aende kutazama kabla hajalipa jina. Na ajiulize maswali matatu: Kitu hiki kiko wapi? Kimempata nani? Na chini yake kuna nini? Akiisha kuyajibu, na ancheke mwenziwe kama bado aona sababu ya kucheka. Walio wengi hawataiona.

Mkulima mwenye busara hafanyi vita juu ya kila fungu la udongo, wala hapiti tu akiimba. Huinama. Hutia kidole katika udongo apate kujua kama ni mbichi au mkavu, wa leo au wa juzi. Hutazama fungu la pili liko upande gani, ajue njia inaelekea malishoni au inaelekea katika viazi. Kisha huinuka, akaenda kuchukua jembe, au akaenda zake nyumbani kunywa uji. Kwa vyovyote amejua alifanyalo, kwa kuwa aliinama kwanza.

Maswali

1. Kwa nini "kichuguu" si tafsiri sawa ya "molehill"?

2. Eleza tofauti iliyopo kati ya kutia chumvi na kufanya mlima kwa kilima cha fuko.

3. Wasichana wa bwenini walijua nini, na hawakujua nini?

4. Cooley na wasichana wale walifanana katika kosa gani?

5. Andika habari fupi ya jambo dogo lililokuwa kubwa kwa sababu ya mahali lilipokuwa.